Tunarudi Nyuma kwa Kasi: Mambo Tisa ya Mzee Anayeshindana Chali

Mzee akionekana amelala chali bwawani, watu wa pembeni huamua papo hapo kwamba amechoka. Mwokoaji anasimama. Mama mwenye watoto anauliza kama babu yuko salama. Babu yuko salama, mama. Babu yuko kwenye mashindano ya mita 100, amebakiza 30, na mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo salamu atazijibu akifika ukutani.

Nawaandikia wenzangu mliovuka hamsini, sitini na sabini, mnaoogelea alfajiri kabla ya kazi au asubuhi za kustaafu, na mnaoamini kwamba mashindano mliyaacha shuleni pamoja na sare. Yapo, na yanawasubiri. Shirikisho la kuogelea la dunia, World Aquatics, lina mashindano ya watu wazima yanayoitwa Masters. Mlango wa kuingilia ni miaka 25. Mlango wa kutokea haujajengwa. Watu hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, 25 hadi 29, 30 hadi 34, wakapanda hivyo hivyo mpaka kwa waliovuka mia. Mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hii yalifanyika Tokyo mwaka 1986. Mwaka 2024 yalikuwa Doha, jirani kabisa na ndugu zetu wengi walioko Ghuba, na mwaka 2025 yakahamia Singapore.

Mitindo ni minne: huru, kifua, kipepeo na chali. Mimi nasimama na chali, na nasema ndio mtindo wa mtu mzima kushindania. Wanaoutumia kupumzikia wapumzike kwa amani, leni ya pembeni ipo. Sababu zangu ni tisa, na nazihesabu kurudi nyuma, maana waogeleaji wa chali ndivyo tunavyosafiri.

9. Wao wanaruka, sisi tumeshafika

Mitindo mitatu huanzia juu ya jukwaa. Chali huanzia majini. Mwenye goti linalotoa taarifa kila akipanda ngazi ataelewa haraka ninachosema.

Refa anapuliza filimbi fupi fupi: vueni mataulo. Filimbi ndefu ya kwanza: ingieni majini. Filimbi ndefu ya pili: shikeni vyuma, miguu ukutani. Mwanzishaji anawaweka tayari, mlio unalia, mnaondoka. Baadhi ya mabwawa siku hizi yana kiegemeo kidogo cha miguu kinachoning'inizwa ili watu wasiteleze, na ukikitumia, sheria inataka walau kidole kimoja cha kila mguu kiwe kimegusa ukuta. Ushauri wangu kwa mabega yetu: usijivute juu sana kama unataka kupanda dirishani kwa jirani. Nyanyuka kiasi, kidevu karibu na chuma, kisha tupa kichwa nyuma uutafute kwa macho ukuta wa mbali. Kichwa kikitangulia, nyonga zinafuata. Nyonga zikibaki chini unaangukia mgongo mzima, na kishindo chake kinasikika mpaka mapokezi.

8. Pua

Ukiwa chini ya maji kifudifudi, pua iko salama. Ukiwa chini ya maji chali, pua ni bomba lililo wazi. Dawa ni kuguna: toa hewa puani taratibu muda wote uwapo chini, ukiimba wimbo wowote unaoupenda. Ukishindwa, kibanio cha pua kinaruhusiwa kwenye mashindano, na mwenye sainasi asione haya kukivaa. Refa anakagua mwendo wako, urembo hana habari nao.

7. Bendera, au elimu ya kuhesabu bila kuona

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazee wanapoumia vichwa, na nasema vichwa vyenyewe kabisa.

Ukiogelea chali huoni unakokwenda. Kwa ajili hiyo sheria imeweka vibendera juu ya maji, mita 5 kutoka kila ukuta, urefu wa mita 1.8 kutoka usawa wa maji. Vibendera vikipita juu ya macho yako, unaanza kuhesabu mikono: mmoja, miwili, mitatu, minne, ukuta. Kila mtu ana hesabu yake. Wapo wa mitatu, wapo wa sita, na hesabu ya mtu haiazimwi hata akiwa rafiki yako wa damu.

Hesabu yenyewe hubadilika. Asubuhi ukiwa mpya unaweza kufika kwa mikono minne. Mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, ikawa mitano. Na siku ya mashindano, kwa sababu unavuta kwa nguvu, ukuta unawahi. Wengi hujifunzia hesabu ya polepole mazoezini, wakaenda nayo kwenye mbio, wakaupata ukuta kwa utosi. Kwa hiyo pima hesabu yako ukiwa kwenye mwendo wa mbio, na uipime upya kila mwaka mpya, maana mwili wa mwaka huu si wa mwaka jana.

Sasa tuseme ukweli wa kwetu. Mabwawa mengi tunayoogelea huku Afrika Mashariki ni ya shule na hoteli, mita 25 au pungufu, hayana paa na hayana bendera. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, una bwawa la mita 50 lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, lakini si kila mtu anakaa Kasarani. Basi tunajitengenezea. Kamba moja ya katani, vipande vya kanga kuukuu vilivyofungwa kila nusu hatua, nguzo mbili kila upande, na futi ya fundi ya kupimia ile mita 5. Kipimo kiwe sahihi: kamba ikikaa mita 4 na nusu, inakufundisha uongo, na uongo huo utakulipisha siku utakapoogelea kwenye bwawa la kweli. Chagua kanga ya rangi kali. Nyekundu na nyeusi huonekana vizuri hata miwani ikiwa na ukungu. Ya bluu inapotea angani.

Na jua, jamani. Bwawa lisilo na paa saa sita mchana ni adhabu kwa mtu anayetazama juu. Ingia saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni, vaa miwani ya vioo vyeusi, na usijiongoze kwa mawingu. Mawingu yanatembea, kaskazi ikivuma yanatembea sana, nawe ukiyafuata utajikuta kwenye leni ya mtu. Fuata kamba ya leni kwa pembe ya jicho, au ukingo wa jengo, au mstari wa dari kama bwawa lina dari.

6. Kichwa kimya, mwili unazunguka

Waogeleaji wa zamani na wa sasa wanalo zoezi moja ambalo halizeeki: weka kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya paji la uso, uogelee chali urefu mzima wa bwawa bila kukimwaga. Vijana hulichukia, maana linawataka watulie. Mtu mzima aliyezoea kukaa vikao vya ukoo vya saa tano ataliweza.

Kichwa kikitulia, mwili unapata ruhusa ya kuzunguka. Mabega yanazunguka huku na huku kama mshikaki unavyogeuzwa juu ya mkaa: unazunguka pale pale, hauyumbi. Hapo ndipo bega la mtu mzima linapookolewa. Usipozunguka, mkono unalazimika kwenda nyuma ya mgongo ukiwa umenyooka, na ile mishipa midogo inayoshikilia kiungo cha bega, ambayo miaka imeshaichosha, inasuguana na mfupa. Ukizunguka, mkono unaingia majini ukiwa kwenye mstari wa bega lake, bila kulazimishwa.

Mambo mengine kwa haraka, wenye haraka tuko nao: kidole gumba kinatoka majini kwanza, kidole cha mwisho kinaingia kwanza. Mkono uingie mbele ya bega, usivuke kwenda nyuma ya kichwa. Ukishazama, kunja kiwiko, kiganja kisukume maji kuelekea miguuni. Mateke yaanzie nyongani, na magoti yasichomoze juu ya maji. Goti likionekana, jua unaendesha baiskeli, na baiskeli ina mashindano yake. Vuta pumzi mkono mmoja ukipita, toa mwingine ukipita. Uso uko nje, hewa ni ya bure, lakini mtu anayepumua ovyo huishiwa hata hewa ya bure.

Bega likiuma, simama. Sisemi likichoka; nasema likiuma. Mpira wa mazoezi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, mkono ukivutwa kwenda nje taratibu, mara mbili tatu kwa wiki, umewarudisha wengi majini. Nao wana deni la shukrani kwa kitasa.

5. Jibu la kumpa anayecheka

Atatokea mtu wa kipepeo, mabega kama lango la boma, akwambie chali ni mtindo wa watalii. Mpe jina moja tu: Kirsty Coventry wa Zimbabwe. Dhahabu ya Olimpiki ya mita 200 chali Athens 2004, dhahabu ya mita 200 chali Beijing 2008, na Machi 2025 akachaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Kisha mwombe huyo wa kipepeo akuonyeshe mita 200 za kipepeo bila kusimama katikati kutafuta kitu kwenye miwani.

4. Ukuta na sheria iliyobadilika ukiwa kazini

Kama uliogelea mashindano ya shule kabla ya mwaka 1991, ulifundishwa kuugusa ukuta kwa mkono ukiwa ungali chali, ndipo ugeuke. Ukaoa, ukaolewa, ukasomesha watoto, ukarudi bwawani nywele zikiwa nyeupe, ukakuta watu wanapinduka kifudifudi kabla ya kufika ukutani na hakuna anayewafukuza. Usiwaripoti. Sheria ilibadilishwa mwaka huo wa 1991.

Siku hizi unaruhusiwa kugeuka kifudifudi unapoukaribia ukuta, ukavuta mkono mmoja au miwili kwa pamoja, ukapinduka, miguu ikagusa, ukajisukuma ukiwa umerudi chali. Mtego uko hapo katikati. Mvuto ule ni mmoja, wa mfululizo, na pindu lifuate hapo hapo. Ukigeuka kifudifudi mapema, ukavuta, kisha ukateleza ukiusubiri ukuta, msimamizi wa mageuko anainua mkono na kazi yako yote ya mita 75 inafutwa. Nimeona watu wazima wengi wakiondolewa kwa kosa hili kuliko jingine lolote, na chanzo chake karibu kila mara ni hesabu mbovu ya kule kwenye bendera. Ndiyo maana namba saba niliipa nafasi kubwa.

Mwenye kizunguzungu, au shingo ambayo daktari ameiwekea masharti, hana sababu ya kupinduka. Kugusa kwa mkono ukiwa chali, ukakunja miguu na kuondoka chali, bado ni halali kabisa. Unapoteza muda mdogo, unabaki na shingo. Na pale mwisho kabisa wa mbio, kumbuka: unamaliza ukiwa chali. Ukigeuka ili uone kama umeshinda, umeshindwa.

Baada ya ukuta kuna chini ya maji, na hapo ipo hadithi nzuri. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mmarekani David Berkoff alikuwa akisafiri zaidi ya mita 30 chini ya maji kwa mateke ya pomboo kabla ya kuibuka. Akaweka rekodi ya dunia kwenye mchujo wa mita 100. Fainali ikachukuliwa na Mjapani Daichi Suzuki, naye pia mtu wa kuzama mbali. Wakuu wa mchezo wakaona mbio zinahamia chini ya maji, wakaweka kikomo cha mita 10, kisha mita 15, ambacho ndicho kilichopo mpaka leo.

Mita 15 ni kikomo, hakuna aliyekulazimisha uzimalize. Moyo wa miaka 60 haupendi kunyimwa hewa halafu ukaamriwa kukimbia. Mateke matatu au manne makali, mwili umenyooka, kisha ibuka na uanze kupumua kama raia huru. Aliyebaki chini mpaka macho yakamtoka ataibuka mbele yako kwa nusu mita, nawe utamkuta kabla ya bendera.

3. Hapa umri ni mali

Utu uzima dawa, walisema wazee, na Masters wamelitia hilo kwenye kanuni.

Umri wako wa mashindano ni ule utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Jaring Timmerman wa Winnipeg, Kanada, aliitumia kanuni hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Januari 2014 alikuwa bado na miaka 104, lakini kwa hesabu ya Desemba akaingia kundi la 105 hadi 109, kundi ambalo hakuna aliyewahi kuliogelea. Akashuka majini, akaogelea mita 50 chali kwa dakika 3 na sekunde 9.55, na rekodi ya dunia ikawa yake. Kijana atasema mbona hakuwa na mpinzani. Kijana aishi miaka 105, kisha arudi tuzungumze.

Kwa sisi wa kawaida, raha iko kwenye kuvuka kundi. Mwenye miaka 59 ni mkongwe wa kundi lake, anasukumwa na watu wa 55. Mwaka unaofuata anaingia 60 na ghafla yeye ndiye kijana wa kundi. Nawajua watu wanaousubiri mwaka mpya kuliko watoto wa chekechea wanavyoisubiri siku ya kuzaliwa, na keki haiko kwenye mawazo yao.

Sasa njoo kwenye mbio za kupokezana za mitindo mchanganyiko. Kwanza, anayefungua ni muogeleaji wa chali, kwa sababu mtindo wetu huanzia majini na mtu hawezi kuning'inia ukutani huku mwenzake anakuja kugonga pale pale. Timu nzima inamtegemea mzee aliyeko kwenye vyuma. Pili, makundi hupangwa kwa jumla ya umri wa watu wanne: 160 hadi 199, 200 hadi 239, 240 hadi 279 na kuendelea. Chukua watu watatu wa miaka 45, 48 na 50. Jumla 143. Wakimpata wa chali mwenye miaka 56, wanafika 199 na wanakutana na wepesi wa kundi la chini. Wakimpata wa miaka 57, wanafika 200 na wamehamia kundi la juu, wao wakiwa ndio wadogo humo. Mwaka mmoja wa umri wako umewahamisha watu wanne. Ofisini umri huo huo ulikuletea barua ya kustaafu, huku unakuletea simu usiku: "Shikamoo mzee, Jumamosi una nafasi?" Marahaba. Nafasi ipo.

2. Mazoezi ya mtu anayetaka kurudi kesho

Kijana anaweza kuogelea hovyo Jumatatu na akaamka Jumanne hana habari. Mtu mzima akiogelea hovyo Jumatatu, Jumanne anaamkiwa na mgongo. Kwa hiyo tunapanga.

Siku tatu kwa wiki majini zinatosha kumpeleka mtu mzima kwenye mbio za heshima, mradi ziwe siku tatu kila wiki. Wiki moja ya moto ikifuatwa na mwezi wa visingizio haijengi kitu. Zoezi ninalolipenda kwa mbio za mita 100 ni hili. Mita 400 za kupasha mwili, mitindo yoyote. Kisha mita 50 mara sita, chali, pumziko la sekunde 30, ukihesabu mikono kila urefu na kujaribu kumaliza kwa hesabu ile ile uliyoanza nayo. Kisha mita 25 mara nane, moja kwa kasi yote uliyojaliwa, inayofuata taratibu kabisa. Kisha mita 200 za kupoza. Vifundo vya miguu vikiwa vigumu, vaa mapezi mafupi kwa sehemu ya mazoezi. Kifundo kigumu kinapiga maji kwenda chini badala ya nyuma, na mtu anachoka akiwa pale pale.

Ile hesabu ya mikono ndiyo kipimo chako cha ukweli. Saa inaweza kukusifu kwa sababu ulilala vizuri. Mikono ikiongezeka kutoka 20 hadi 24 kwa urefu ule ule, ujue mwili umeacha kuyashika maji na unayapiga tu. Hapo pumzika kabla hujajifundisha kosa.

Usiende kwenye mbio za kasi kabla daktari hajapima presha na moyo, hasa kama ulipumzika miaka mingi. Na usifanye mazoezi ya chali peke yako baharini. Maji yakitoka huoni yanakokupeleka, na mashua haina kengele.

Wa kumfuata kwa uvumilivu ni Adolph Kiefer, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya mita 100 chali Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 akiwa na miaka 18. Vita vilipokuja alifundisha kuogelea katika jeshi la majini la nchi yake, ili mabaharia wasife maji kabla hawajamwona adui. Baadaye alitengeneza na kuuza vifaa vya kuogelea. Majini aliendelea kuingia mpaka uzee wa mwisho, na alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 98. Hiyo ni miongo minane ya kutazama dari, na hakuna popote aliposema ameichoka.

1. Mita 1500, miaka 100

Mieko Nagaoka wa Japani alizaliwa mwaka 1914. Alianza kuogelea akiwa amevuka miaka 80, kwa sababu ya goti lililokuwa linamsumbua. Wengi wetu tunajiona tumechelewa tukianza tukiwa na 50. Huyu bibi alianza wakati wajukuu zetu wangekuwa wanatupangia zamu za kutusukuma kwenye kiti.

Aprili 2015, mjini Matsuyama, aliingia kwenye mita 1500 mtindo huru, bwawa la mita 25. Hesabu mwenyewe: urefu 60. Kanuni ya mtindo huru inasema muogeleaji achague mtindo autakao, na kila mtu duniani huchagua ule ule wa kifudifudi kwa sababu ndio wa kasi zaidi. Yeye alichagua chali. Akaenda chali, akageuka, akarudi chali, mpaka akazimaliza zote 60 kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 54.39. Akawa mtu wa kwanza mwenye miaka 100 kukamilisha umbali huo kwenye mashindano. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 106.

Mpenzi msomaji, mtu aliyekuwa na uhuru wa kuchagua mtindo wowote kwa mbio ndefu kuliko zote bwawani, akiwa na karne nzima mgongoni, aliuchagua mtindo wetu. Mimi sihitaji ushahidi mwingine, ila nitakuongezea mmoja kwa sababu ni mtamu. Januari 2024, Betty Brussel wa Kanada, mzaliwa wa Uholanzi, akiwa na miaka 99 na akiogelea kundi la 100 hadi 104 kwa ile ile kanuni ya Desemba, alivunja rekodi tatu za dunia siku moja. Moja ilikuwa ya mita 400 huru, moja ya mita 50 kifua, na moja, bila shaka, ya mita 50 chali.

Hawa akina bibi hawakushinda kwa misuli. Mbio za chali zinamlipa anayejua kutulia huku mwili mzima unafanya kazi, anayehesabu bila kuona, na asiyegeuka kila mara kumtafuta mwenzake amefika wapi. Leni ya jirani huioni vizuri hata ukitaka. Unabaki na mikono yako, pumzi yako na hesabu yako. Mambo hayo matatu mtu hujifunza kwa miaka, na miaka tunayo.

Klabu yako ikitoa fomu ya mashindano yajayo, usiweke alama kwenye mtindo huru peke yake. Weka na kwenye mita 50 chali. Kama klabu haina kundi la umri wako, mwambie katibu aliongeze, na umpelekee majina matatu ya wenzako ili asipate pa kukwepea. Kama bwawa halina bendera, kanga kuukuu zipo kila nyumba.